Bustani ya Kimya ya Bwana Sange

Paukwa!

Mbona hamjibu? Nimesema paukwa.

Haya, chekeni kwanza mmalize. Cheka na wewe Umazi, usijibane hivyo, utapasuka mbavu na mama yako atanidai mtoto.

Ni kweli. Mjomba wenu amekaa hapa kifua wazi, amepakwa majivu tangu vidole hadi mabega, kama muhogo uliosahauliwa kwenye moto. Sikatai. Asubuhi niliutazama ua wa dada yangu Mejumaa, nikaona umesongwa na mmea wenye vitumba vya manyoya ya dhahabu, vinang'aa juani, vizuri, lakini vimekaa ovyo ovyo. Nikasema moyoni, maskini dada yangu, hajui mambo ya bustani. Nimpangie. Mimi nimefika Maskati, nimefika Lubumbashi, nimelala Bujumbura miezi mitano, nimeona bustani za watu zilizonyolewa kama kichwa cha bwana harusi. Basi nikaushika ule mmea kwa mikono miwili. Nikaukumbatia. Nikavuta.

Upupu.

Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye pasipoti iliyojaa mihuri, hautambui upupu wa kwao. Nilizunguka nyumba mbio mara tatu. Kuku walidhani nacheza nao. Na Mejumaa, badala ya kunionea huruma, aliniuliza kama huko Maskati bustani hukumbatiwa.

Mmemaliza? Mejumaa, menya muhogo wako, acha kunitazama. Watoto sogeeni. Kujikuna nitajikuna, lakini hadithi nitawapa. Na hii si ya kuchekesha, nawaambia mapema. Anayeogopa amshike mwenzake.

Paukwa!

Pakawa.

Sasa hapo sawa.

Zamani hizo, kale ya kale, wanyama walipokuwa bado wanaombana ushauri, palikuwa na Bwana Sange na mkewe Bi Sange. Sange mnamjua. Ni yule mnyama mdogo, miguu kama vijiti vya kiberiti, pua ndefu kama mrija, na hiyo pua haitulii. Inakwenda huku, inakwenda huku. Msimwite panya. Alishaitwa panya mara moja akanuna msimu mzima.

Walikaa msituni, chini ya mti wa mrihi. Na mrihi mnaujua, ule mti mkubwa unaopukutisha majani hadi ardhi haionekani. Majani makavu, mekundu, membamba. Juu ya majani hayo ndipo walipojenga nyumba yao, kichuguu cha majani, na mlango mdogo mbele na mlango mdogo nyuma. Kuzunguka nyumba palikuwa na mkingiri wenye miiba. Na katikati ya majani palikuwa na njia tatu nyembamba. Kila alfajiri Bwana Sange alizifagia njia zake kwa miguu. Fya, fya, fya. Njia moja ya kwenda kula, njia moja ya kwenda kunywa, njia moja ya kukimbilia. Hiyo ya kukimbilia aliifagia mara mbili.

Nani aliwapangia bustani hiyo? Hakuna. Mababu walikuta mrihi, wakakuta mkingiri, wakafagia njia. Ikawa nyumba.

Sasa sikilizeni hili, ndilo kubwa. Sange hana pembe. Sange hana kucha za maana. Sange hana sumu. Sange ana mkia na ana jani kavu. Akimwona adui hapigi yowe. Huinua mkia akaupiga juu ya majani makavu: pa-pa-pa-pa. Maana yake, nimekuona. Na wala nyama wote wanajua kwamba Sange aliyekwisha kukuona humpati tena, ana mbio kama jiwe la kombeo. Basi adui husimama, hugeuka, huenda zake na njaa yake.

Na kama Sange hajaona? Jani humwambia. Adui akikanyaga, cha! Akitambaa, cha-cha-cha. Hakuna aliyeingia pale bila kutangazwa.

Isipokuwa siku moja.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Majani yakalowa. Na jani lililolowa halisemi, mnajua. Siku ya nne asubuhi Bwana Sange na mkewe walitoka kidogo kutafuta chungu wa kula. Waliporudi, nyumba ilikuwa palepale. Mlango palepale. Mtoto wao wa kwanza, mwenye siku sita, hakuwepo. Palikuwa na mstari tu kwenye matope, mpana kama mkono wangu huu, umeingia na umetoka, njia ya nyoka.

Swila.

Nyamazeni kidogo.

Tangu siku hiyo Bwana Sange hakuwa Bwana Sange. Jua likarudi, majani yakakauka, yakaanza kusema tena kama zamani. Na kila yaliposema, yeye aliruka.

Cha!

"Nani huyo?"

Mjusi.

Cha!

"Nani huyo?"

Tunda limeanguka.

Cha!

"Nani huyo?"

Mke wake, ananyoosha mguu.

Hakula. Hakulala. Alikonda hadi pua ikaonekana ndefu kuliko mwili. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba mjusi ni mjusi, na kwamba afadhali kusikia mijusi mia kuliko kutosikia mmoja asiye mjusi. Hakusikia la mtu. Na Bi Sange naye alikuwa mjamzito tena. Hilo ndilo lililomzidishia. Kila akilitazama tumbo la mkewe, alisikia majani yote ya msitu yakilia mara moja.

Juu ya mrihi, tawi la tatu, alikaa Kima.

Kima alikuwa mnyama mwema. Niseme hivyo kabla hamjamchukia. Hakuwa na hila, hakuwa na kisasi. Alikuwa na maarifa tu, na hakuwa na mahali pa kuyaweka. Alikuwa amekaa miaka miwili juu ya paa la nyumba ya watu wenye bustani kubwa, akiwaibia ndizi, na tangu arudi msituni kila jambo alilianza kwa kusema, mimi nilipokuwa kwa watu. Ninamjua mtu kama huyo. Namwona kila nikinyoa ndevu.

Kima akashuka. Akamsalimu Bwana Sange, akamwangalia alivyokonda, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akakuna kidevu.

"Ndugu yangu," akasema, "shida yako si Swila. Swila amekuja mara moja. Shida yako ni kelele. Kelele zinakuja kila siku."

Bwana Sange akasogea karibu. Lilimwingia.

Kima akamweleza kuwa kule kwa watu kulikuwa na mmea unaotambaa, majani yake manene na laini, maua yake ya manjano, na wenyewe huuita zulia. Ukichomeka kipande leo, baada ya mvua moja umefunika uwanja. Hautoi miiba. Haupukutiki. Angemletea vipande, tena angempangia mwenyewe wapi duara, wapi maua, wapi pa kukaa jioni.

Bi Sange alikuwa mlangoni, amekaa na tumbo lake. Akauliza swali moja.

"Na huo mmea, ukikanyagwa unasemaje?"

"Hausemi kitu, shemeji," Kima akajibu kwa furaha. "Ndiyo uzuri wake."

Bi Sange akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatabasamu. Miezi mingapi hajamwona akitabasamu? Akameza neno lake. Na neno lililomezwa, watoto, halioti.

Kazi ikaanza. Fya, fya, fya, Bwana Sange akafagia. Hakufagia njia tu. Alifagia yote. Majani ya mwaka huu na majani ya babu yake, akayasukuma nje ya mpaka, akafanya lundo kubwa huko, kama mtu anayehamisha msiba. Kima akang'oa mikingiri. Mkingiri mmoja wa nyuma ulimshinda, ulimchoma hadi akakaa juu ya tawi siku mbili akijilamba mkono, akasema ule mmoja wauache, utaleta sura. Kisha akachomeka vipande vya zulia. Kimoja hapa, kimoja hapa, kimoja hapa.

Mvua ikaja. Zulia likatambaa. Likaenda kama uvumi. Asubuhi liko hapa, jioni liko pale. Likafunika uwanja, likafunika njia ya kula, likafunika njia ya kunywa. Likafika njia ya kukimbilia, likaifunika pia. Maua yakachanua, manjano, harufu nzuri imejaa kila mahali. Mrihi ulipopukutisha jani, Bwana Sange alilidaka kabla halijatua, akalitupa nje.

Na kimya kikaingia.

Bwana Sange alilala. Siku ya kwanza alilala toka jua kuchomoza hadi jua kutua. Siku ya pili pia. Akanona kidogo. Akamwambia mkewe, unaona? Huoni tulivyotulia? Mkewe akasema anaona.

Lakini Bi Sange aliona na mengine. Aliona kwamba chungu wamehama. Jongoo wamehama, maana jongoo hula majani yaliyooza, na hapakuwa na jani la kuoza. Nyenje aliyekuwa akilia chini ya mlango amekwenda. Basi chakula kikawa mbali. Bwana Sange akawa anatoka asubuhi na kurudi adhuhuri, na mkewe, tumbo limemlemea, anabaki peke yake katikati ya maua.

Siku moja akaona ua limeinama. Kisha la pili. Kisha la tatu. Yanainama moja moja kwa mstari, halafu yanainuka moja moja. Akatega sikio. Hakuna kitu. Akatega pua. Harufu ya maua tu, nzito, imefunika harufu nyingine zote.

Mumewe aliporudi akamweleza. Bwana Sange akasema ni upepo.

"Upepo gani," akauliza Bi Sange, "unaotikisa ua na hautikisi mti?"

Mumewe akasema yeye ni mjamzito na wajawazito huona mengi. Lakini siku hiyo hakulala.

Siku ya pili Bi Sange akaona alama. Majani ya zulia yamelazwa, mstari mmoja, mpana kama mkono, umetoka mpakani ukaja, ukaja, ukaja hadi hatua kumi kutoka mlangoni. Hapo ukaishia. Hakuona uliporudi. Mumewe akauangalia kwa muda mrefu. Akasema pengine Kima alikuwa akiburuta kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Siku ya tatu walikaa ndani. Nje ni maua na jua.

Siku ya nne, alfajiri, uchungu ukamshika Bi Sange.

Akaingia ndani ya nyumba, akalala ubavu. Bwana Sange akatoka nje kukaa mlangoni, kama desturi ya mwanamume, maana ndani hana kazi. Akafunua majani ya zulia apate mahali pa kukalia. Chini yake akakuta kitu cheupe. Kirefu. Chepesi kama karatasi. Kina magamba magamba.

Gamba la nyoka. Bichi. Bado lina unyevu.

Lilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni.

Umazi, mshike ndugu yako mkono. Mshike tu, na yeye anaogopa.

Bwana Sange alisimama. Swila hakuwa amepita pale. Swila alikuwa amekaa pale, amejivua nguo pale, kama mtu aliyefika kwake. Na sasa yuko wapi? Kulia? Kushoto? Nyuma ya nyumba? Ndani ya maua yale ya mbele? Akatega sikio hadi sikio likauma.

Kimya.

Yule aliyekuwa akiruka kwa kila mjusi, sasa aliomba mjusi. Aliomba tunda lianguke. Aliomba jani moja, moja tu, kavu, lipate kukanyagwa. Watoto, kuna kimya cha mtu aliyeshiba, na kuna kimya cha mtu anayevizia, na ukivisikiliza kwa sikio ni kimoja. Ndani mkewe aliguna kidogo. Nje hakuna sauti hata moja.

Ua likainama.

La pili likainama.

Bwana Sange akainua mkia, akaupiga kwa nguvu zake zote. Nimekuona! Nimekuona!

Fu. Fu. Fu.

Kama kupiga mto wa pamba. Hata yeye mwenyewe hakusikia vizuri.

Maua yakafunguka, Swila akainuka katikati yake. Taratibu. Shingo ikapanuka, ikapanuka, ikawa kama upawa.

"Hujambo, mwenye nyumba," akasema.

Bwana Sange akauziba mlango kwa mwili wake.

"Napapenda kwako," Swila akasema. "Zamani nilipata tabu sana kufika. Siku hizi nalala hapahapa. Leo ya nne."

"Kwa nini," Bwana Sange akauliza, na sauti ilikuwa kama ya mbu, "hukutula siku ya kwanza?"

"Mlikuwa wawili," Swila akasema. "Nikaona nisubiri muwe watatu."

Na wakati huohuo, ndani ya nyumba, kikasikika kilio chembamba. Kimoja. Mtoto amezaliwa.

Swila akageuza kichwa upande wa mlango.

Bwana Sange alitazama mlango, akatazama Swila, kisha akatazama kule mpakani, lilipo lundo la majani aliyoyafagia. Kulikuwa mbali. Na kwenda huko ni kumwacha mkewe na mtoto na Swila, mlango wazi. Hesabu gani hiyo? Wewe ungefanya nini? Mimi ningezimia, nawaambia kweli, nizimie hapo hapo na aibu nikaitafute baadaye.

Bwana Sange alikimbia.

Swila akacheka, sss. "Baba gani huyo," akasema. Akashuka, akaanza kusogea mlangoni.

Bwana Sange anakimbia. Zulia linamshika miguu. Anaanguka, anainuka. Anaanguka, anainuka. Njia yake ya kukimbilia iko chini ya yale majani laini, haionekani. Anaruka juu juu kama panzi. Akafika. Akajitupa katikati ya lundo.

PA-PA-PA-PA-PA!

Lo, mrihi mzima ukaitika. Majani ya miaka mingi, makavu kama chapati za juzi. Pa-pa-pa-pa! Bi Sange akasikia ndani. Sange yeyote aliyezaliwa anaujua mlio huo, hata wa dakika moja. Akamsukuma mtoto mbele yake, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Lakini Swila alikuwa karibu sana, na mama aliyetoka kuzaa hana mbio. Bwana Sange aliliona hilo kutoka kule. Basi akafanya jambo ambalo mimi hadi leo nikilieleza nywele husimama, hizi chache zilizobaki. Akajifanya amevunjika. Akaanguka ubavu juu ya majani, akapiga mateke, akalia kilio cha kitu kilichonaswa.

Swila si mjinga. Lakini alikuwa na njaa ya siku nne. Akasimama, akaangalia huku, akaangalia huku. Kilichonaswa ni rahisi kuliko kinachokimbia. Akaligeukia lundo.

Akavuka zulia, kimya. Maua yanainama. Akafika ukingo wa lundo, akajizamisha chini ya majani, asionekane.

Cha.

Bwana Sange akafumba macho.

Cha-cha. Yuko kulia. Cha-cha-cha. Anazunguka. Cha. Amesimama. Kila hatua jani linamwambia, yuko hapa, sasa yuko hapa, sasa anajikunja. Majani yale aliyoyachukia, aliyoyatupa nje kama maiti, yakamtumikia bila kinyongo. Cha-cha! Sasa!

Akaruka. Swila akapiga mahali alipokuwa. Akapata majani matupu.

Cha-cha. Kushoto. Sasa!

Akaruka. Swila akapiga. Safari hii jino lilipita kwenye ncha ya mkia, likachukua manyoya, halikuchukua nyama. Na ile ncha, kwa hofu iliyoipata, ikawa nyeupe papo hapo. Mwangalieni Sange yeyote leo, ncha ya mkia ni nyeupe. Mnadhani ni urembo?

Swila akainua kichwa kutoka kwenye majani. Walitazamana.

"Umeshanisikia," Swila akasema. "Basi."

Akageuka, akaenda. Cha-cha-cha-cha. Wakamsikia hadi mbali, hadi sauti ikawa nyembamba, hadi ikakatika.

Bwana Sange alimkuta mkewe nyuma, chini ya ule mkingiri mmoja uliomshinda Kima. Mguu wa Bi Sange ulikuwa na kidonda. Zulia lilikuwa limemfunga, akalikata kwa meno. Chini ya tumbo lake palikuwa na kitu kidogo, macho wazi, pua haitulii. Bwana Sange alitaka kusema maneno mengi. Bi Sange akamwambia aketi kwanza, na aketi juu ya majani makavu, amsikie akiketi.

Waling'oa zulia msimu mzima. Sikieni, kuling'oa si kama kulipanda. Kipande kikibaki kidogo kama ukucha, kesho kimerudi na wanawe. Wakang'oa, wakang'oa, huku mmoja akichimba na mmoja akilinda, maana bustani tupu ina hatari kuliko zote. Kisha Bi Sange akapanga. Mara hii alipanga yeye. Wakarudisha lundo lote, akaagiza majani yawe mazito upande wa mlango na mazito zaidi upande wa nyuma, ambako jicho halifiki. Wakaotesha mbegu za mkingiri kuzunguka. Mrihi ukaachwa upukutishe utakavyo, hakuna wa kudaka. Njia tatu zikafagiliwa upya, na ya kukimbilia mara mbili. Na Bi Sange akaweka sheria mpya ambayo mababu hawakuwa nayo: siku ya mvua, jani linapokuwa bubu, hawatoki wote wawili. Mmoja anakula, mmoja anakaa na mtoto, macho wazi.

Chungu wakarudi. Jongoo wakarudi. Nyenje naye akarudi chini ya mlango, akalia kama mwenye deni la nyimbo.

Je, hofu iliisha? Haikuisha. Nisiwadanganye. Bwana Sange aliruka hadi uzeeni. Cha! Nani huyo? Mjusi. Cha! Nani huyo? Jani. Ila sasa aliuliza, akangoja jibu, kisha akaendelea kula.

Siku moja Kima akashuka kutoka tawi la tatu. Alikuwa ameyaona yote kutoka juu na hakuwa ameelewa hata moja, maana anayelala juu hatambaliwi na Swila wa chini. Akatazama majani yaliyotapakaa, miiba, chungu wanapanda miguu yake. Akasikitika kwa dhati. Akasema bustani ile nzuri imerudi kuwa jalala, tena jalala la makelele, na kama wangetaka angeweza kuwaletea mmea mwingine, wa maua ya zambarau, alipokuwa kwa watu aliuona.

Bi Sange hakumtukana. Alikuwa akimfundisha mtoto kufagia.

"Kima," akasema, "wewe ukisikia kitu unapanda. Sisi ukitunyima sauti, tunapanda wapi?"

Kima akatazama tawi lake. Nasikia alipanda zake tawini akakaa kimya siku nzima, na hiyo kwa Kima ni kama mwaka.

Basi funzo lenyewe ndilo hili, nalisema waziwazi, hata mwenye usingizi alichukue. Usifagie kinachokutisha kabla hujajua kinakulinda na nini. Na bustani ya nyumba yako ipande miti ya kwenu na majani ya kwenu, kwa sababu hayo ndiyo yanayomjua adui wa kwenu. Mgeni ana maua mazuri, lakini hajui nani huingia kwako siku ya mvua.

Hadithi nimeitua hapa. Aliye na kichwa aibebe.

"Mjomba," akasema Umazi, bado kamshika nduguye mkono, "na Swila alikwenda wapi?"

Nikamtazama yule mtoto, macho yamemtoka, na moyo ukanilainika. Nikaanza kumwambia kwamba Swila alikwenda mbali sana, akavuka mito saba, akafika nchi ambayo hata mimi, pamoja na safari zangu zote, sijawahi.

Mejumaa hakuinua macho kwenye muhogo wake.

"Hajaenda popote," akasema.